Mkono wa Kulia wa Kijumba

Skola mwanangu,

Mwalimu Leonsia anasema barua inaanza na hali. Nimemwambia hali unaijua, asubuhi umekunywa uji hapa hapa ukaacha nusu bakuli. Andika hivyo hivyo, Mwalimu. Yeye anashika kalamu, mimi nasema, maana shule niliiona kwa nje tu, nikipita na mbuzi wa baba.

Sasa ni saa nane mchana. Umekwenda mjini na mumeo Festo kutafuta tairi la akiba, na kesho mnaondoka kwenda Kasesya mpakani na Kijumba chenu mgongoni mwa pikapu, mkawapikie madereva wa malori. Barua hii nitaiweka juu ya usukani. Uisome kabla Festo hajawasha gari. Usingoje mfike, usisomee njiani.

Habari za kuchemsha maji na kufunga mlango sitakwambia, wewe mtu mzima. Nina jambo moja. Nimejaribu kukwambia kwa mdomo mara mbili wiki hii. Mara ya kwanza nikaishia kwenye habari ya kuku wa jirani, mara ya pili nikaishia kwenye harusi ya shangazi yako, ile ya nyama iliyooza. Mdomo wangu unajua kukimbia. Ndiyo maana nimemwita Mwalimu. Nikikimbia ananirudisha, ameshanirudisha mara moja hapa.

Juzi ulikuwa unakwangua mavi ya kuku ndani ya Kijumba. Miaka kumi kuku wamelala mle, mavi yameganda kama saruji, mimi nikakaa mbali. Festo akakuuliza nyuma itashikwa na nini, maana inaning'inia. Ukamjibu fundi ameshachomelea vyuma viwili kwenye bampa, inatosha. Halafu ukacheka ukasema, "Angalau si kamba za Deo Kamba."

Baba yako huyo. Unamwita jina walilomtukania sokoni. Na mimi nilicheka, Skola. Nilikaa pale kwenye kigoda nikacheka na wewe, halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikatema mate, maana mdomo ulikuwa mchungu kama nimetafuna nyongo.

Halafu Festo akasema Kasesya kuna wafugaji nao wanasafiri, tutawapa lifti, watatuletea maziwa. Ukasema, "Wanaonuka siwapandishi." Hilo neno si lako. Ulilitoa kinywani mwangu ukiwa bado mgongoni.

Basi sikiliza.

Zamani kabla ya ruksa ya biashara hatukuwa na kitu. Sabuni ilikuwa ya foleni, unakwenda duka la ushirika asubuhi, unarudi jioni na kipande kama kidole. Tulifulia majivu. Watu tulinuka wote, ila hakuna aliyejiona. Ruksa ilipokuja, kila mtu akawa mfanyabiashara. Zikaja sabuni zisizotoa povu, mafuta ya kujipaka yenye harufu ya mafuta ya taa, mitumba ya Wazungu yenye harufu ya dawa, ukivaa unawashwa siku mbili. Mimi nilinunua sabuni ya rangi ya waridi, nikaanza kujiona. Mwalimu anacheka. Alikuwepo, anajua nilivyotembea.

Baba yako alikuwa dereva wa lori la ushirika, na ushirika ulipokufa akabaki na mikono yake. Akapata pikapu kuukuu. Wale Wazungu wa kupima barabara walipoondoka waliacha kile kijumba cha bati walichokuwa wanakibeba kwenye gari, wanalala humo, wanapika humo. Gari lao waliondoka nalo, kijumba wakakiuza. Baba yako akakinunua. Mimi nilipofungua mlango nikakuta beseni lina nywele za mtu, godoro lina madoa, panya wamezaa kwenye kabati. Nikasema mimi humo silali. Akaniambia, "Mama Osward, tutapita minada yote ya bondeni na nyumba yetu. Mvua ikinyesha wenzetu wanalowa, sisi tumelala." Nikakisugua siku tatu kwa mchanga na ile sabuni ya waridi.

Tatizo ni hili, na ndilo lako sasa. Gari la Wazungu lilikuwa refu, bodi ya pikapu yetu ilikuwa fupi. Kijumba kilipokaa, ule mlango wa nyuma wa bodi, unaofunguka kwenda chini, haukufunga tena. Baba yako akaung'oa. Basi nyuma ya Kijumba ikabaki hewani, hatua nzima ya mtu mzima, haijakalia kitu. Watu wakaja na akili zao. Mmoja anasema ifungwe kamba juu ya paa. Mwingine anasema iegemee bampa. Baba yako akamwambia bampa ni bati la kugongea kuku, halibebi nyumba.

Akakata miti miwili ya mninga, imenyooka, minene kama paja la mtoto. Chini kila mti ulikaa kwenye kiatu cha chuma alichokifunga kwa bolti kwenye chesisi yenyewe, kulia na kushoto. Juu ukaingia kwenye tundu la boriti chini ya sakafu ya Kijumba, kule mwisho kabisa. Akaubana kwa mipira ya tyubu ya tairi. Miti ikasimama mshazari, kama mtu aliyebeba mzigo kwa mikono miwili. Akasema sehemu hii haina miguu, basi tumeipa mikono. Tukaiita mikono.

Na vitu vizito vyote alipanga mbele, karibu na vichwa vyetu: pipa la maji, sufuria, magunia. Nyuma aliacha nguo na mikeka. Hilo ulishike, Skola. Wewe umepanga pipa la maji nyuma kwa sababu jiko liko nyuma. Nimeliona.

Tulikuwa na desturi yetu. Tukifika mnadani, tunasukuma pipa tupu chini ya ile nyuma liibebe, halafu tunachomoa mikono miwili, inakuwa nguzo za turubai. Tunauza chini ya turubai, mitumba yetu, chumvi, majembe. Wakati wa kuondoka ni kinyume: mikono inarudi kwanza, pipa linatoka baadaye. Yeye anarudisha wa kushoto kisha anapanda kwenye usukani, mimi narudisha wa kulia. Akishapanda anaita, "Mikono?" Mimi najibu, "Ipo." Ndipo anawasha. Miaka miwili tulifanya hivyo, minada yote, hata siku tulizonuniana. Hata akiwa haniongeleshi, "Mikono?" alikuwa anaita.

Mwalimu, maji. Nimekunywa. Naendelea, naendelea.

Siku ile tulikuwa Ilemba. Joto la bondeni unalijua, jasho linaingia masikioni. Na samaki. Sisi watu wa juu tumezoea hewa ya baridi, mahindi na ulezi, harufu ya moshi na ya udongo. Kule kila kitu ni samaki: mikono ya watu, noti, hata mkate. Nilikuwa nimefunga kitambaa puani tangu asubuhi kama mtu anayezika.

Akaja mama mmoja wa wale wafugaji waliohamia kutoka Usukumani, jina lake Minza. Mrefu, kijana kuliko mimi, amejipaka samli kichwani, na samli na jua, Skola, unaelewa. Alikuwa na magunia mawili ya samaki wakavu. Anataka kupanda nasi hadi Sumbawanga, akauze, anunue plau la ng'ombe. Baba yako akakubali. Mvua ilikuwa inajikusanya, jua likawa kali kabla yake, Minza akaona gunia moja limeloa, akatoa samaki akawatundika kwenye nguzo ya turubai letu wakauke kidogo. Nguzo ya kulia. Maji ya samaki yakateremka mtini mpaka chini, nzi wakaja wakaufunika mti ukawa mweusi.

Mimi nilipouona mti ule nilikaza kitambaa puani. Nilimtazama tu, na yeye akaona namna nilivyomtazama, akawatoa samaki wake haraka haraka, akaupangusa mti kwa upande wa kanga yake.

Wingu likafika. Baba yako akaanza kupiga kelele tuondoke, mvua ikitukuta chini, ule mlima wa kupanda kwetu unakuwa sabuni. Akarudisha mkono wa kushoto, akakimbilia usukani. Mimi nikashika mkono wa kulia. Ulikuwa unateleza. Viganja vyangu vikanuka papo hapo. Nikafikiri, mti huu utakaa chini ya nyumba yangu, chini ya kitanda changu, harufu itapanda kwenye mbao, nitalala na samaki mpaka nife. Na mimi nimekisugua siku tatu.

Nikauweka kwenye nyasi. Nikausukuma kwa mguu usionekane. Nikavuta pipa.

Akaita, "Mikono?"

Nikajibu, "Ipo."

Hivyo tu. Nilisema kama ninavyosema siku zote.

Bado sijamaliza, Mwalimu, usiweke kalamu chini.

Minza alitaka kupanda mbele, kwenye magunia ya chumvi, ndani kabisa. Nikamwambia hapana, kaa nyuma na samaki wako, mlangoni, upate upepo. Upepo nilikuwa nautaka mimi. Magunia yake mawili nikayaweka nyuma kabisa, juu ya ile sehemu isiyo na kitu chini yake, na yeye akakaa juu ya hayo magunia. Akaniambia asante. Mimi nikaenda kukaa na baba yako kule kwenye usukani, nikafungua dirisha.

Tukaanza kupanda mlima. Mlimani mzigo wote unarudi nyuma, hata ambao ulikuwa mbele. Kona ya tatu nikasikia mti unalia, ule mmoja wa kushoto. Baba yako akasema hiyo ni nini. Nikasema ni mlango. Kona iliyofuata mti ukajipinda ukatoka kwenye kiatu chake, sakafu ikachanika pale inapokutana na ukingo wa bodi, nyuma ikaanguka kama kifuniko cha kasha. Mlango ukafunguka. Minza na samaki wake wakamwagika barabarani, na kona ya Kijumba ikashuka juu ya mguu wake.

Nilifika wa kwanza. Alikuwa amelala katikati ya samaki, mguu umekaa upande ambao mguu haukai. Damu na samaki na mavumbi. Na mimi, Skola, hapa Mwalimu andika kama ninavyosema, usipambe, mimi nilikuwa nimeziba pua. Nimesimama juu ya mtu anayetoka damu, mkono wangu mmoja uko puani.

Akanitazama. Akasema, "Dada, usinishike, utachafuka."

Nimekula vitu vingi vibaya maishani. Nimekula viazi vilivyooza mwaka wa njaa, nimekunywa maji yenye mizoga. Hakuna kilichonitia kinyaa kama mkono wangu ule uliokuwa puani. Mpaka leo nikijifuta pua nauona.

Tulimbeba, lori la mahindi likatusaidia, akafika hospitali. Mguu wakauunga, lakini ukaunga vibaya, anatembea kwa kuuvuta. Ndugu zake wakaja, watu wengi, wana fimbo, wamekasirika, na haki yao. Tukakaa ofisi ya kijiji. Mwenyekiti akauliza nani alifunga gari lile. Mimi nilikuwa nimekaa na akina mama, nimejifunika kitenge, nangoja baba yako aniulize mbele ya watu. Nilikuwa nimeshatunga cha kusema, kwamba mti umeibwa na vijana wa mnadani.

Baba yako akasimama akasema, "Mimi nilifunga. Nilifunga vibaya."

Akatoa ng'ombe wetu wawili. Akauza pikapu. Kijumba kikashushwa kwenye matofali, kuku wakaingia. Watu wakaanza: Deo dereva wa ushirika mzima hajui kufunga mzigo, Deo Kamba. Hata kamba haikuwepo, ilikuwa ni mikono, lakini watu wakipata jina hawaulizi. Wewe ulirudi shuleni unalia, umepigana na mtoto aliyekuita binti wa Kamba. Nilikupangusa machozi nikakwambia achana nao. Neno moja tu lingetosha siku ile, nami nikakupa muhogo wa kuchoma.

Ulidhani hakujua? Na mimi nilidhani. Siku ya pili baada ya ofisi ya kijiji aliondoka kwa miguu, hakusema aendako. Akalala huko. Siku iliyofuata akarudi mchana, amebeba mti begani. Amepanda nao mlima wote, kutoka Ilemba, hatua kwa hatua. Shati lake lilikuwa linanuka samaki. Akausimamisha mlangoni, akanitazama, mimi nikatazama kuku. Akasema, "Nimeuokota." Akaenda akausukuma chini ya kihenge cha ulezi, akanawa, akaomba chakula.

Juu ya mti ule hakuongeza neno tena mpaka tunamzika. Miaka yote ile aliitwa Kamba mbele yangu na hakugeuka hata mara moja kunitazama. Afadhali angenipiga. Nilikuwa naongea kutwa nzima ili pasiwe na nafasi ya kimya, nawe ulikuwa unasema mama hanyamazi. Nilikuwa naogopa nikinyamaza ataita, "Mikono?"

Sasa umejua. Baba yako alijua kufunga. Alifunga vizuri kuliko fundi wako wa mjini anayetema ugoro kwenye vyuma anavyochomelea, nimemwona, anatia kichefuchefu. Ukisikia mtu anamwita Kamba, hata huko Kasesya, mwambie ni mama yako. Mwambie hivyo kwa jina langu.

Leo baada ya ninyi kuondoka, mimi na Mwalimu tumeinama chini ya kihenge, vizee viwili, tumeuvuta mti. Mchwa hawakuugusa. Nikaogopa kuusogelea. Mwalimu akasema nusa, umeongea habari ya harufu saa nzima. Nikaweka pua. Nikanusa juu, nikanusa chini, pale maji ya samaki yalipopita. Haunuki kitu. Unanuka mti. Pengine siku tatu tu juani zingetosha, ningeuacha ningeona. Mguu wa mtu, Skola, jina la baba yako, kwa harufu ya siku tatu.

Nimeulaza ndani ya Kijumba, karibu na kitanda. Viatu vya chuma viko kwenye debe la misumari, vyote viwili, baba yako alivitia mafuta akavifunga gunia. Nimemtuma mtu kwa Mzee Kalolo seremala, anakuja kukipambazuka, atachonga wa kushoto mwingine, maana ule ulijipinda mlimani. Fundi wa bampa asiguse. Mwambie Festo alale chini ya gari aone chesisi ilipo, mimi mkwe wangu siwezi kumwambia alale chini mbele yangu, si adabu. Pipa la maji lisogee mbele. Mtachelewa kuondoka, mchelewe.

Kaka yake Mwalimu anayenunua mpunga bondeni anasema Minza yuko Kaoze, ana wajukuu. Utakaposhuka huko kununua samaki, maana madereva watataka samaki, nipitie unichukue. Mbele mkae ninyi. Mimi nitakaa nyuma kabisa, mlangoni. Nikifika sijui nitamwambia nini. Mdomo huu unaweza kuanza habari ya kuku. Wewe ukae karibu unirudishe, kama Mwalimu anavyofanya leo. Na wakati wa kurudi, akitaka kupanda, yeye ndiye anakaa mbele.

Na kesho, mikono ikishakaa, pipa likishatoka, Festo akiwa kwenye usukani, uliza wewe kwa sauti, maana mkwe kunipigia kelele haipendezi. Mimi nitakuwa nyuma ya gari. Nitaushika wa kushoto niutikise. Nitaushika wa kulia kwa viganja vyangu viwili. Halafu nitajibu.

Usiposikia sauti yangu, asiwashe.

Mimi mama yako,
Mama Osward. Mwalimu ameandika, dole gumba ni langu.